Mpini wa Miaka Minne

Zaituni alifumba macho kwenye metro ya asubuhi, lakini masikio hayana pazia. Kando yake, kijana aliyechoka alimweleza mama mwenye sare ya usafi kwamba huu ni mwaka wa nne anafanya utafiti wa uzamivu: mpini wa kupigia deki usioumiza mgongo. “Na sasa professeur anasema nianze tena, maman.”

“Benye kupangusa sakafu, ulishauliza bangapi?”

“Bon… kompyuta ndiyo inapima mugongo.”

“Kompyuta inakuwaka na mugongo?”

Zaituni, mpiga deki pia, hakumsaidia msomi kujibu.

Walipofika kituo cha Schuman, mama alijaribu kuinuka, akarudi kitini. Kijana akamvuta kwa mikono miwili.

“Merci, mwanangu,” akasema mama, amejishika kiuno. “Na hii, andika.”

Milango ikafunguka.