Ufa Juu ya Bweni

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, Mzee Luhaga, uliyekuwa mkuu wetu, shikamoo, walimu, wazazi na wanafunzi, na wewe Mwalimu Evelina Luhende, unayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutufundisha fizikia:

Naitwa Dorcas Machibya, muuguzi. Miaka kumi na miwili iliyopita nilikuwa kidato cha tatu hapa hapa Butimba, nikilala katika bweni lililojengwa chini ya mlima wa mawe, ziwa likiwa mbele yetu.

"Vizio vya msingi ni saba tu," Mwalimu alikuwa akituambia. "Mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli na kandela. Vingine vyote vimezaliwa na hivyo." Tulikariri ili tufaulu mtihani. Nani kati yetu alidhani vingetufaa kwa jambo jingine?

Jumatano moja mchana tulisikia sauti juu ya bweni, kama mtu anayesaga mtama taratibu, kisha ananyamaza, kisha anaanza tena. Hapakuwa na mtu. Pimbi waliozoea kuota jua kule juu walikuwa wametoweka wote. Wenzangu wakasema ni mizimu. Mwalimu hakutucheka. Alipanda na rula, akapima ufa kati ya jiwe kubwa na mwamba ambao liliuegemea: milimita arobaini na moja. Alhamisi, arobaini na tatu. Ijumaa, arobaini na nane. Jumamosi, hamsini na tisa.

"Milimita ni urefu, siku ni muda," alisema. "Gawanyeni, mtapata mwendo. Jiwe hili linatembea, na kila siku linaongeza mwendo."

Rafiki yangu Rose alifanya hesabu ubaoni. Mita tano kwa nne kwa tatu: mita za ujazo sitini. Kila mita ya ujazo, kilogramu elfu mbili na mia sita. Jibu lilikuwa tani mia moja hamsini na sita. Hakuna aliyempigia makofi. Tulijikuta tunatazama dari.

Mzee Luhaga, jana uliniruhusu niyaseme haya. Ulimwambia, "Mwalimu, jiwe hilo lipo tangu dunia iumbwe. Tusubiri mhandisi Jumatatu." Naye akakujibu, "Mkuu, Jumatatu ni mbali. Nawahamisha leo. Jiwe likiwa bado lipo hiyo Jumatatu, niandikie barua ya kunifukuza kazi."

Ndugu zangu, alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Alianza kubeba magodoro yeye mwenyewe kuyapeleka maabara. Sisi tulinung'unika, mimi nilimwita mwoga, na alinisikia.

Jumapili saa nane mchana, wakati ambao kwa kawaida tungekuwa tumejilaza, ile sauti ya kusaga ilikoma. Hata ndege walinyamaza. Kisha ardhi ikaruka chini ya miguu yetu, na bweni halikuwepo tena.

Mwalimu aliita majina yetu sitini na manne. Sote tuliitika. Akayaita mara ya pili, kama asiyeamini. Mzee Luhaga alipofika alivua kofia, akamshika Mwalimu mikono yote miwili.

Saa kumi na nusu, tukiwa bado tumesimama pale, kitu kililia chini ya jiwe. Ilikuwa saa ya mezani ya Rose, aliyoisahau kitandani, ikituamsha tukajisomee. Ililia dakika nzima kutoka mahali ambapo vichwa vyetu vingekuwa. Kesho yake ikalia tena, saa ile ile. Na kesho kutwa. Kila jioni Mwalimu alikuja akasimama nasi mpaka inyamaze. Siku ya nne hatukuisikia, na Rose alilia kama aliyefiwa.

Mwalimu Evelina, sikuwahi kukuomba radhi. Naomba leo, mbele ya hawa wote. Mwanangu wa kwanza nimempa jina lako. Ameketi pale mbele, ana miaka mitatu.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.