Saini Arobaini na Moja za Wanahisa wa Kimamba

Mgeni rasmi, Bi. Doris Chanzi, Meneja wa Mahusiano ya Wanahisa wa Kampuni ya Simu ya Mlio, viongozi wetu, wanahisa wenzetu:

KARIBU
Karibu Kimamba. Wazee wamefurahi mno ulivyowaamkia shikamoo mmoja mmoja, ingawa chai imepoa tukikusubiri umalize.

TULIKOTOKA
Sisi ni wanahisa arobaini na mmoja, wengi wetu wajukuu wa manamba. Babu zetu walikata mkonge wa watu maisha yao yote. Tuliposikia hisa zinauzwa, tuliuza alizeti tukanunua, nasi tuwe na chetu. Bi. Mwanne anaihifadhi hati yake pamoja na cheti cha ndoa, na anasema hati ya hisa haijawahi kumkera.

TUNAYOJIVUNIA
Masika iliyopita mnara ulipozimika, tulifungua njia kwa majembe mpaka mafundi wakafika. Hakuna aliyedai posho. Nani anadai posho kwa kulima shamba lake?

KINACHOTUNYIMA RAHA
Mwezi uliopita ofisa wenu alikuja kutueleza kwamba Mlio inataka kuungana na Kampuni ya Wenzo. Ikapitishwa karatasi. Hapa kwetu karatasi ikipita mkutanoni ni ya mahudhurio: unaandika jina, unasaini, unampa jirani. Tukasaini wote. Nakala tuliyoachiwa ilikuwa ya Kiingereza, na Yusrah, binti yetu anayesoma chuo Morogoro, ndiye aliyekuja kutusomea. Kumbe tumekubali kampuni ziungane, na kwamba mwenye hisa chini ya mia moja atalipwa aondoke. Hakuna hata mmoja wetu anayefikisha mia. Tuliona aibu, na tuliumia sana.

TUNAYOOMBA
Hatupingi kuungana. Mtandao ukishika vizuri hadi Kidete, nani atanuna? Tunaomba saini zile zifutwe kabla ya mkutano mkuu wa mwezi ujao, masharti yaletwe kwa Kiswahili, na sisi wa hisa chache tubaki kuwa wenye kampuni. Umefunga safari mwenyewe kuja kutusikiliza, na hilo limetupa matumaini makubwa.

MWISHO
Mgeni rasmi, karatasi ya mahudhurio uliyokuja nayo leo iko hapo mezani, haina jina hata moja. Usituone wakaidi. Ukishatujibu, Yusrah ataisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha tutasaini.

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa wanao, na akupe ujasiri wa kutusemea huko uendako.

Imesomwa na Kasiani, Katibu,
kwa niaba ya Wanahisa Wadogo wa Mlio, Kimamba.