Rubeni Shemdoe na Nafasi Moja ya Ndege ya Kalkuta

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mliopanda mlima huu kuja kulia pamoja nasi, mimi Abrahamu, mdogo wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha yake, nami naomba mnivumilie pale sauti itakaponipotea.

Kaka yetu Rubeni alizaliwa hapa Vuga tarehe 3 Juni 1917, mtoto wa kwanza wa hayati Yohana Shemdoe na mama yetu Secilia, aliyeketi hapa mbele, akafuatiwa na Sefania mwaka 1923, kisha mimi. Alisoma shule ya misheni hadi 1932, akajifunza udresa, kazi ya kuuguza na kufunga vidonda, huko Lushoto, na Februari 1942 yeye na Sefania wakaandikishwa Keya, jeshi la Mwingereza, siku moja, mama akimkabidhi mdogo wake mkononi.

Novemba 1944, katika vita vya Burma, Sefania alipigwa risasi ya tumbo, Rubeni, aliyekuwa dresa wa kikosi, akamuuguza hadi Imphal, mji wa India karibu na mpaka, ambako majeruhi walipakiwa ndege kwenda hospitali ya Kalkuta, maili kama mia nne, mwendo wa saa tatu angani. Asubuhi ya tarehe 19 ilibaki nafasi moja, naye alikwisha kuruhusiwa kuikalia amsindikize mdogo wake, ndipo akaletwa askari wa Moshi aliyevunjika paja, damu haikatiki, Rubeni akampisha, akamwambia Sefania kwa Kishambaa kwamba atamfuata. Njia ya chini, kwa lori, garimoshi na kivuko, ilimchukua siku sita, na alipofika alionyeshwa kaburi lenye siku tatu, akaambiwa na muuguzi kwamba Sefania alimwita hadi mwisho, na kwamba yule wa Moshi amepona.

Alirudi mwaka 1946, akamwambia mama habari za kifo, ila habari za ile nafasi hakuzisema. Akawa dresa katika zahanati ya shamba la chai Kwamkoro, akafunga ndoa na shemeji yetu Jenoveva tarehe 4 Oktoba 1947, Mungu akawajalia watoto watatu, na yeye hakupata kumwacha mgonjwa wake peke yake, hata pale mkewe alipomsihi alale.

Mwaka jana alianza kuumwa ini, akalazwa Lushoto, kisha akaomba kurudishwa nyumbani. Ijumaa tarehe 7 Machi alimweleza mama yote, akiomba msamaha kwa kumwacha Sefania afe na wageni. Mama alimshika mguu, akasema, "Na huyo wa Moshi naye ana mama, Rubeni. Ungempita, ningekuuliza." Kaka alilia kama mtoto, akaniagiza niyasome haya mbele yenu, na Jumapili tarehe 9 Machi 1958, kabla ya kengele ya kanisa, akafariki mama akiwa kando yake.

Ukoo unawashukuru waganga na wauguzi wa Lushoto, wenzake wa Kwamkoro waliombeba kwa machela kutoka barabarani, na majirani ambao hamjatuacha tangu Jumapili. Mama amefiwa na mtoto mara ya pili, na kaburi la Sefania hakuliona, hivyo tunawaomba msiondoke mapema leo.

Kaka Rubeni, umetuuguza sote, sasa pumzika wewe, kwa amani ya Bwana.