Bega Lisilo na Rangi

Mambo yalianza Jumapili, tarehe nane Machi, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kwenye msitu mdogo nje ya London, pale kitu kilipomgonga Restuta begani naye akageuka kutafuta rangi. Rangi haikuwapo. Akaendelea kukimbia. Kwa juma zima hakumwambia mtu, mpaka Jumamosi alasiri alipoketi kwenye benchi la mtaa wa Rayners Lane, mbele ya duka la Nurjehan, upande ambao upepo wa stesheni haufiki. Nurjehan ni mzaliwa wa Tanga aliyezeekea Uingereza. Anauza mihogo, kunde na mafuta ya nazi, na kila Jumamosi hutoa nje chupa moja ya kahawa ya tangawizi na vikombe visivyo na mikono. Chupa ikiisha, kikao kimeisha. Kijiwe hicho hakina sheria nyingine.

Wenyeji wa benchi walishafika. Njenga, dereva wa basi, anaitwa Refa kwa sababu Jumapili huchezesha mechi za mtaani huko Harrow na hajawahi kukubali kwamba alikosea. Lusajo ni nesi kutoka Mbeya. Huyu huitwa Brigedia, kwa ajili ya ile miezi yake michache ya JKT, jeshi la kujenga taifa, ambayo ukimsikiliza utadhani aliimaliza akiwa na risasi mwilini. Restuta ndiye mdogo wao. Alisomea kemia chuo kikuu, sasa anakagua lebo za dawa kiwandani, na akishafunga mlango wa nyumba yake hurudi kuusukuma tena kuhakikisha.

Walikwisha kuzoea kwamba binti huyu mwoga wa ngazi za umeme anacheza paintball, vita vya mchezo vya bunduki za mipira ya rangi. Ofisi iliwapeleka siku moja, wenzake wakatosheka, yeye akarudi wiki iliyofuata na nyingine tena. Aliwahi kuwaeleza sababu. Nyuma ya pipa, mipira ya rangi ikipasuka kila upande, hofu yake yote hukaa kimya, maana jambo la kubishania halipo. Ukipigwa, rangi ipo. Usipopigwa, haipo. Mpira ukikudunda bila kupasuka, hauhesabiwi, unacheza. Hakuna mahali pengine London, alisema, ambapo alipewa jibu safi namna ile.

— Sasa nimeenda kwenye ule mwingine, alisema, akishika kikombe kwa mikono miwili. Airsoft.

Ikabidi aeleze tangu mwanzo, na Restuta akieleza haruki kitu. Aliyemwita ni Solomon, Mkenya wa Thornton Heath, mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye naye alianzia kwenye paintball. Alimwambia asinunue chochote kwanza. Kinyago chake cha paintball kinafaa kabisa, na bunduki atakodi hapo hapo, ile ya wageni ambayo nusu yake imepakwa buluu, kwa kuwa sheria ya nchi haimpi mgeni bunduki ya mchezo inayofanana na ya kweli mpaka awe amezoeleka uwanjani. Haitupi rangi. Inatupa vidonge vya plastiki vidogo kama punje za mtama, vinavyokwenda mbali zaidi na kwa kelele kidogo. Restuta aliuliza kila swali kuhusu bunduki, lakini nguo alisahau kuuliza. Akaenda na fulana yake ya paintball, ya njano.

Brigedia aliweka kikombe chini ili acheke vizuri.

— Msituni. Na njano.

— Wote walikuwa rangi ya majani, kaka. Mimi nilikuwa kama embe.

— JKT wangekutumia kuonyesha adui mahali pa kupiga.

Refa alimwambia Brigedia awache msichana aongee. Restuta akaendelea, na sauti yake ikabadilika, kwa sababu alifika kwenye sehemu aliyoipenda. Kabla ya kuanza, msimamizi, mama mmoja wa Kiingereza mwenye buti za matope, aliwakusanya wote, watu wapatao mia, akawaambia kidonge hakiachi alama. Ukiguswa, unainua mkono juu, unasema “hit”, yaani nimepigwa, kisha unatembea na mkono ule ule juu, ili usipigwe tena, mpaka kwenye uzio wa kusubiri kurudi mchezoni. Wasimamizi hawawezi kuona nyuma ya kila mti. Kila mmoja ni msimamizi wake.

— Nikadhani ni maneno tu, Restuta alisema. Halafu nikamwona mtu mmoja, mkubwa kama kabati, peke yake kichakani. Hakuna aliyekuwa anamtazama zaidi yangu, na mimi hakujua nipo. Kidonge kikamgusa kisigino. Kisigino, Anti Nurjehan. Akainuka, akainua mkono, akasema “hit”, akaondoka anatabasamu.

Refa alisema amechezesha mpira tangu watoto wake wakiwa wachanga, na katika miaka yote hiyo hajapata mchezaji mmoja wa kumjia na kusema, refa, huo mpira umenigusa mkono. Mmoja tu angemtosha. Angepiga naye picha, akaiweka sebuleni.

— Hiyo mchezo yenu, Resti, nitakuja kuiona. Nikae tu kando niangalie watu wakijishtaki.

Nurjehan, aliyesimama mlangoni na chupa mkononi, alisema Waingereza wamebuni mchezo huo ili wasilipe marefa. Brigedia alipinga. Kwa uelewa wake mchezo huo ni mtego wa serikali. Wanakaa msituni na darubini, wanaandika nani mkweli, kisha wakweli wanapelekwa kufanya kazi benki. Refa alisema si benki, wanapelekwa ujasusi. Brigedia akauliza tangu lini jasusi akahitaji kuwa mkweli, na hapo wakapotea kwa muda, mmoja akidai jasusi lazima awe mkweli kwa bosi wake, mwingine akidai jasusi mkweli ni sawa na nesi anayeogopa damu.

Restuta aliwasubiri. Alikuwa akikizungusha kikombe bila kunywa, na Nurjehan ndiye aliyeliona hilo.

— Beta, mwanangu, kahawa inapoa. Kuna nini?

Akasema. Ulikuwa mchezo wa mwisho kabla ya chakula. Upande wake ulihitaji kukinyakua kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mti wa katikati. Solomon alikuwa upande wa pili, maana huko timu hugawanywa upya kila mara, na alikuwa amelala nyuma ya gogo, bunduki ikielekea mti huo. Restuta alitoka mbio. Katikati ya njia, bega la kushoto likagongwa kidogo. Akalitazama, kama anavyofanya kila mara kwenye paintball, na fulana ilikuwa njano tupu. Miguu haikusimama. Akakichukua kitambaa, filimbi ikalia, watu wakampigia makofi, na Solomon akapiga makofi kuliko wote.

Wakati wa chakula Solomon alimletea beji ya kundi lake la marafiki, ya kitambaa, yenye picha ya ndege mnana. Alimwambia hajawahi kuona mgeni akikimbia vile. Akija Jumapili inayofuata ameibandika kifuani, basi ni mwenzao.

Restuta aliitoa mfukoni, akaiweka kwenye benchi. Ilikuwa imekunjika pembe kwa kushikwashikwa.

— Jumapili yenyewe ni kesho, alisema. Na sijui kama niliichukua beji hii kwa haki. Na sijui kama yeye anajua. Labda anajua, ananyamaza aone nitafanya nini. Labda hajui kabisa, na nikimwambia ndiyo nimejiharibia mwenyewe. Kule mtu akijulikana kwamba hakubali kupigwa, hana kitu kingine cha kumwokoa. Hakuna rangi ya kuonyesha.

Hapo kijiwe kikaamka. Brigedia alitoa hukumu upesi: ushahidi hakuna, kesi hakuna. Msituni matawi yanagonga watu kila siku, kungekuwa na utaratibu wa kuinua mkono kwa kila tawi, wangekaa siku nzima kama wanaomba mvua. Refa naye, ambaye muda mfupi uliopita alitaka picha ya mkweli sebuleni, akasema filimbi ilishalia, na filimbi ikilia matokeo hayarudi.

— Wewe si ndiye uliyetaka watu wajishtaki? Nurjehan alimuuliza.

— Kabla ya filimbi, mama. Baada ya filimbi ni kusumbua watu.

Nurjehan alisema tatizo ni la kiufundi na dukani kwake lina dawa. Vidonge vichovywe kwenye manjano. Manjano hayatoki kwenye nguo, yeye ana mashahidi wa hilo, na ni marehemu mume wake na mashati yake yote. Refa akasema kwenye fulana ya njano manjano yataonekana vipi. Nurjehan akasema basi iwe bizari ya nyama. Brigedia akaona bora kila mchezaji avae sinia la bati mgongoni na jingine kifuani, ukiguswa lilie, mpaka kiziwi ajue. Refa alitaka droni. Brigedia alitaka mbwa, afundishwe harufu ya plastiki, azunguke msituni akimbwekea kila aliyeguswa. Walipofika kwenye suala la nani atamlisha mbwa huyo, na kama mbwa naye akipigwa atainua mguu gani, Restuta alicheka bila kutaka. Kisha akaacha.

Aliwapenda. Alijua wanamtafutia pa kupitia, kila mmoja kwa wazimu wake, na kwamba hakuna hata mmoja aliyefikiri vibaya juu yake. Hilo ndilo lililomuumiza. Aliwaeleza kila kitu kwa uangalifu, hata upande wa bega, na wao walimwamini kama wanavyoiamini lebo.

Mwanamke mmoja aliyevaa sare ya uangalizi wa wazee, ya zambarau, alikuwa amesimama kando akisubiri basi. Nurjehan alimwita apate kahawa, baridi ilikuwa kali. Akajitambulisha: Chancelle, kutoka Bukavu, ametoka shifti sasa hivi. Alipokea kikombe, akasogezewa nafasi, na Refa akamweleza kesi nzima, pamoja na mbwa. Chancelle alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama ile beji, akamtazama Restuta.

— Samahani, dada. Miye niulize tu. Ile wakati kile kitu kilikugonga, weye ulijua?

Refa aliangalia barabara, basi lake si lile lililokuwa linakuja. Nurjehan alisimama na chupa hewani. Theluthi ya kijiwe hicho ni maneno na iliyobaki ni maneno pia, lakini ndani ya fulana ile hakuwamo mtu ila mmoja.

Na huyo mmoja alikuwa amerudi msituni. Aliliona bega tena. Aliiona njano tupu. Macho yalitafuta rangi, hilo lilikuwa zoea, na kwa zoea angeweza kusamehewa. Lakini baada ya macho kulikuwa na nafasi, nyembamba mno, ambamo sauti ya yule mama wa buti za matope ilimjia yote, neno kwa neno, maana Restuta hasahau maelekezo. Kidonge hakiachi alama. Alikuwa ameisikia. Kisha akakimbia.

Nurjehan aliinamisha chupa juu ya kikombe chake mwenyewe, yakatoka matone, kisha mvuke.

— Imeisha, alisema taratibu.

Wakainuka. Brigedia alimfunga Restuta skafu vizuri shingoni, kama anavyowafanyia wagonjwa wake, akasema kesho kutakuwa na matope, avae soksi mbili. Chancelle alimrudishia beji aliyoisahau kwenye benchi. Hakuuliza tena.

Asubuhi yake Restuta alisukuma mlango mara moja tu. Alivaa koti la kijani aliloazima kwa Nurjehan, lenye harufu ya karafuu, akapanda treni ya mapema, na alifika uwanjani wakati magari machache ndiyo yameegeshwa. Solomon alikuwa nyuma ya gari lake akifunga buti, chai ikifuka juu ya boneti. Alitabasamu alipomwona. Tabasamu lilipungua alipoona kifua hakina beji.

Restuta alikuwa amepanga sentensi nyingi kwenye treni, zenye maelezo ya gogo, ya bega na ya zoea la paintball. Zote zilimtoka. Akaitoa beji mfukoni, akaiweka juu ya boneti karibu na chai. Kisha akainua mkono wa kushoto, ule wa bega lenyewe, juu kabisa.

— Hit, alisema.

Hakungoja jibu. Aligeuka, akatembea kwenye matope kuelekea uzio wa kusubiri, ambako hapakuwa na mtu saa hiyo, na mkono hakuushusha mpaka alipofika.