Mama Visigino na Mawe ya Mlangoni

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimeombwa nisome kwa ufupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kufanya jambo lolote kwa ufupi.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Visigino, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la viatu la baba yetu, kwenye njia hii, enzi hizo ikiwa ya mawe, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1966, kisha akajifunza ufundi kwa baba, na akashona viatu vya mtaa mzima mpaka vidole vikagoma. Mwaka 1974 aliolewa na shemeji yetu, fundi redio, mtu mpole, Mungu amzidishie subira, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 2009 manispaa ilikuja kung'oa mawe na kutandika vitofali vya zege, sote tukashangilia, maana mawe yale yalituangusha kila mvua iliponyesha, lakini dada akatoa kigoda chake, akakaa juu ya mawe ya mlangoni, akaendelea kugonga soli, na msimamizi wa kazi alipomsihi asogee akamjibu, "Chimba, ila uanze na miguu yangu." Kipande chake kikaachwa, vitofali vikapita huku na huku, na masika yaliyofuata, maji ambayo zamani yalizama katikati ya mawe yakaingia hadi chini ya kitanda cha jirani yetu, fundi cherehani, jambo ambalo dada alitukumbusha kwa miaka kumi, hata harusini.

Tarehe 2 Juni 2019 alipata kiharusi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na kiti hicho, tusidanganyane, kilikwenda vizuri juu ya vitofali, kikafika mlangoni kikamtikisa kama gunia. Binti yake mkubwa akamwomba, "Mama, tuweke vitofali hapa tu." Akasema, "Nikifa mtaweka." Shemeji akaendelea kumsukuma huku akiguna, mpaka Jumanne iliyopita, dada alipofariki usingizini.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mafundi viatu wenzake, na yule msimamizi wa manispaa, ambaye tunaye hapa. Bwana msimamizi, jana familia tulikubaliana mawe yatoke, sururu ikaletwa, shemeji akaishika, akainama, akaanza kulia, akairudisha ndani, kwa hiyo wote mtaendelea kujikwaa, mtuvumilie.

Dada, umeshinda tena, sasa pumzika kwa amani.