Walisema Nina Pepo Asiyepiga Magoti

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona upande wa akina baba mmeitikia kama watu wenye njaa, basi na asifiwe tena. Wazee wa kanisa, shikamooni. Mimi naitwa Edina, mke wa Filbati, hapa hapa Nyarubungo. Wengi mnanijua kama yule Mhangaza wa Kanazi aliyeolewa kwa Wasubi. Wengine, msinifanye niwataje, mnanijua kama yule mama mwenye pepo. Leo nimesimama kumshukuru Mungu, na habari za huyo pepo nitazieleza mwenyewe, maana mimi ndiye niliyeambiwa ninaye.

Ndugu zangu, mambo yalianza kwa utelezi. Ulikuwa msimu wa mvua, natoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Kile kijia cha kushukia mtoni mnakijua kikilowa. Niliteleza, mkungu ukaenda huku, mimi huku, goti la kulia likabaki chini yangu. Lilivimba kama papai. Mume wangu alinipeleka hospitali kwa pikipiki, wakanipiga picha, wakasema mfupa ni mzima, wakanifunga bandeji na kunipa dawa za maumivu. Uvimbe uliisha. Lakini goti liligoma kukunjika. Nikijaribu tu kuchuchumaa, maumivu yalipanda mpaka kwenye meno.

Sasa nyote mnajua, huku kwetu mke hasalimii wakubwa akiwa amesimama kama nguzo ya umeme. Mama mkwe akija, unaweka chini ulichobeba, unapiga magoti, unampa mikono miwili, ndipo unasema shikamoo. Mimi nililelewa hivyo Kanazi, na nilipoolewa huku nilifanya hivyo kila asubuhi bila kukumbushwa. Basi asubuhi moja mama mkwe wangu, huyo hapo mbele mwenye kilemba cha bluu, alikuja uani nikamsalimia nimesimama. Nikamweleza habari za goti. Akalitazama goti: halina kidonda, halina uvimbe. Akaniitikia marahaba ya puani, akaenda zake.

Nilidhani yataisha. Wapi! Siku ya kupokea wageni waliokuja kumposa wifi yangu, wanawake wote wa nyumba tulitoka na vinywaji. Wenzangu wakapiga magoti mbele ya wageni, mstari mzuri, hata picha ungepiga. Mimi nikabaki mwishoni nimesimama na sinia, nimeinamisha mgongo tu. Baba mdogo mmoja wa mume wangu akauliza kwa sauti kama yule aliyesimama ndiye mlinzi wa sherehe. Watu walicheka, ndugu zangu, na mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na sinia langu.

Wageni walipoondoka, mama mkwe alimwita mume wangu. Alimwambia kwamba mke anayekataa kupiga magoti mbele ya ukoo ameshaondoka moyoni, bado miguu tu. Nirudishwe kwetu nikafundwe upya. Alimpa mpaka maharage yavunwe. Na yale maharage, ndugu zangu, nilikuwa nayapalilia mwenyewe! Kila asubuhi naingia shambani na jembe, nakuta yanazidi kurefuka, yanatoa maua, na moyo unanienda mbio. Nani amewahi kuomba maharage yake yachelewe kukomaa? Mimi niliomba.

Nikasema nikimbilie kanisani. Na humu nako mkisema tuombe, watu wote chini, Edina peke yake juu ya benchi. Mkaanza kunong'ona. Mkasema ni pepo wa kiburi, hataki kupiga magoti mbele za Bwana. Nawapenda, lakini mlisema! Ikapangwa niombewe. Wapendwa wawili, sitaki mgeuke kuwatafuta, wakanishika mabega na kunikandamiza chini ili pepo ashindwe. Nikapiga ukelele wa maumivu. Mkafurahi, mkasema ameanza kutoka.

Baada ya hapo nilivunjika. Usingizi ulinikimbia. Nililala nimeuma meno, naamka taya zinauma kama nimetafuna muwa usiku kucha. Mabega yalipanda karibu na masikio, kichwa kinagonga, kifua kinabana. Watoto wakiniita naruka. Mboga ikiungua nalia. Na kadiri nilivyokosa amani, goti nalo lilizidi kukaza. Nilianza kuamini kwamba labda kweli kuna kitu ndani yangu.

Mume wangu Filbati si msemaji, mnamjua, hata harusini aliitikia kwa kichwa. Lakini siku moja alinikuta nimekaa katikati ya maharage nalia, akageuza pikipiki bila kuniuliza, akanirudisha hospitali ya mjini. Daktari alilishika goti, akaitazama tena ile picha, akatuelekeza chumba cha nyuma, chumba cha mazoezi ya viungo. Nilikata tamaa. Nilitaka sindano, napelekwa kwenye michezo!

Ndani nilimkuta binti mmoja amevaa hijabu, anaitwa Zuhura. Ndiye mtaalamu wa fiziotherapia. Ndiyo, ni Mwislamu, na Mungu wangu hakuniomba ruhusa alipomchagua. Hakuanza na goti. Alinikalisha kwenye kitanda kirefu, miguu inaning'inia, akaniuliza nalalaje, nakula nini, nyumbani kukoje, nikiwaza nahisi wapi mwilini. Nikajiuliza huyu ni daktari au ni mchungaji. Nikamweleza mengi. Halafu akaniuliza habari za Kanazi, za mama yangu, jinsi anavyotengeneza pombe ya ndizi, naomba mnisamehe, ni mama yangu. Nikajisahau. Nikacheka mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Akaniambia taratibu, "Dada Edina, tazama goti lako."

Nikatazama. Lilikuwa limekunjika! Linaning'inia pale kitandani, limekunjika kama la mtu yeyote, na mimi sikuwa na habari. Nilipolitazama tu, likakaza.

"Jeraha la ndani ulilopata ulipoanguka lilishapona," akasema. "Ila umekaa kwa hofu muda mrefu, na mwili wote umekaza kulilinda goti. Tutaufundisha kwamba hatari imepita."

Ndugu zangu, hapo nililia. Sikulia kwa uchungu. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu ameniambia kwamba maumivu yangu ni ya kweli, na siyo kiburi, na siyo pepo. Alinilaza, akaniwekea mkono wangu mwenyewe tumboni, akanionyesha kwamba nilikuwa sipumui. Yaani napumua kwa juu juu tu, kama mtu anayejificha mwizi asimwone. Akanifundisha kuvuta pumzi mpaka tumbo liinuke, kisha kuishusha polepole. Akanipa mazoezi ya kuimarisha paja, na ya kukunja goti juu ya godoro, kisha juu ya mkeka uliokunjwa, kidogo kidogo, nisilazimishe. Akaniambia nisiache kusali. Na kila jioni nitembee, mikono mitupu, bila kubeba kitu.

Hilo la mikono mitupu ndilo lililotaka kuniua! Nani huku anatembea bila jembe, bila ndoo, bila mzigo wa kuni? Watu walikuwa wananipita njiani wanauliza kuna msiba wapi. Baada ya siku chache habari zilimfikia mama mkwe: mkamwana wako kila jioni anaelekea bondeni peke yake, habebi kitu, harudi na kitu. Akajijibu mwenyewe. Anakwenda kwa mganga wa kienyeji huyo, hakuna kingine.

Jioni moja akanifuata. Mimi nimekaa juu ya jiwe, nimefumba macho, mkono tumboni, napuliza pumzi kama nilivyofundishwa. Nikasikia sauti yake nyuma yangu, "Nimekukamata! Unaloga nini hapo?" Nusura nianguke mtoni. Nikamweleza. Hakuamini hata neno moja. Alisema safari nyingine tutakwenda hospitali wote wawili, na huyo binti atamweleza yeye uso kwa uso.

Tukaenda. Zuhura alipomwona mzazi, alipiga magoti akampa shikamoo, na mama mkwe akanigeukia kwa jicho la kusema umeona wenzako? Kisha Zuhura akamweleza kila kitu kwa heshima, jinsi paja lilivyodhoofika, jinsi mtu mwenye hofu na asiyelala anavyoumia mara mbili, jinsi kunilazimisha kunavyonirudisha nyuma. Mama akasikiliza amekunja uso. Halafu yule binti akamuuliza, "Na wewe mama, mabega hayo yanakuuma tangu lini?"

Mama mkwe wangu, anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, alishika bega lake kwanza. Kisha akasema tangu alipomzika baba Filbati. Kwamba tangu siku ile halali usingizi wa kutosha, kichwa kinamuuma, na hajamwambia mtu, maana mjane akianza kulalamika wanamwona mzigo. Alisema hayo mbele yangu, mimi niliyekuwa nasubiri kufukuzwa! Zuhura akamkalisha, akamwekea mkono wake mwenyewe tumboni, akamwambia ashushe pumzi. Alipoishusha, machozi nayo yakashuka. Niliuona uso wake na hasira yangu yote ikaniishia.

Tangu hapo bondeni tukawa tunakwenda wawili. Baadaye akaanza kunisimulia ujana wake, na kuwasema watu, na nyinyi mlisemwa, msijali. Maharage yakavunwa. Tuliyapiga pamoja uani, tukayapepeta, hakuna aliyetaja habari za kunirudisha Kanazi.

Kisha ikafika siku ya mahari. Wageni wale wale, ukoo ule ule, na baba mdogo yule yule amekaa mbele na fimbo yake. Nilikuwa jikoni napanga sinia, mama mkwe akaingia, akafunga mlango. Akasema, "Edina, wewe baki huku. Atakayekuulizia, mimi nitamjibu."

Mnaelewa, ndugu zangu? Mwanamke aliyetaka nirudishwe kwetu kwa ajili ya goti, sasa anataka kuligombania goti hilo hilo mbele ya ukoo wake. Ningeweza kubaki. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, sikuhangaika hivi ili nibaki jikoni."

Nikachukua sinia nikatoka. Moyo unapiga, mabega yanataka kupanda. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaishusha polepole. Nikamwona baba mdogo anafungua mdomo. Nikaweka sinia mezani, nikashuka. Goti la kushoto. La kulia. Yote mawili chini, ndugu zangu, kwenye udongo wa uani, na maumivu hayakunifikia! Nikasema shikamooni.

Kabla mgeni hata mmoja hajaitikia, mama mkwe wangu akapiga kigelegele mlangoni. Kigelegele kirefu, cha harusi! Mahari bado haijazungumzwa, wageni wakadhani wameshakubaliwa, wakasimama wote wakapiga makofi na kukumbatiana. Baba mdogo akabaki na fimbo yake anauliza nani ametoa bibi harusi.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniponya. Namshukuru Filbati kwa pikipiki na kwa kunyamaza. Namshukuru Zuhura, na ninyi mnaomwombea aokoke, kwanza mwombeeni vifaa, kile chumba ni kidogo. Na wewe uliyekaa hapo umeuma meno, kifua kimebana, unaambiwa ni kiburi au ni pepo, nakuambia Bwana analijua umbo lako, na amewapa watu maarifa ya kulitengeneza. Usione haya kwenda. Mtegemee yeye, na uende.

Sasa mchungaji ataomba. Wanaoweza, tupige magoti. Usiyeweza, kaa hapo hapo kwenye benchi, na mtu yeyote asikuguse mabega. Mungu anakusikia ukiwa umekaa. Ibada ikiisha njoo uniambie, kesho asubuhi mimi na mama mkwe wangu tutakusindikiza.