Ukurasa wa Kumi na Moja: Maisha ya Fundi Wetu, Moja Mbili

Mimi ni dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani. Nimepewa dakika nne za kusoma wasifu huu, kwa kuwa ndio utaratibu wa mazishi katika matawi yote tisa ya kanisa letu. Nilipewa pia karatasi iliyokwisha kuandikwa, inayosema kwamba ndugu yetu “ameitwa nyumbani akiwa katika utumishi.” Karatasi hiyo nimeirudisha. Hakuitwa. Alianguka kutoka kwenye ngazi, na nitasema aliangukaje.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne kati ya watoto sita wa dereva wa lori na mfua nguo wa hospitali. Alikuwa mtoto mpole, lakini hakuna redio iliyosalimika mikononi mwake. Ya baba aliifungua akiwa na miaka tisa, akaifunga tena, zikabaki skrubu tatu mkononi, na ile redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Alichapwa hata hivyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989. Hesabu alizimudu, kuimba kulimshinda kabisa. Mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo tu, asitoe sauti. Mwaka 1990 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1991, akaajiriwa kwenye duka la kutengeneza redio na spika.

Alianza kulitumikia kanisa mwaka 1996, wakati huo likiwa ukumbi mmoja wa mabati na spika mbili, moja ikiwa mbovu. Kila Jumapili alifika kabla ya mwenye ufunguo. Majirani waliamshwa na sauti yake kwenye kipaza sauti: “Moja, mbili. Moja, mbili.” Jina likamganda. Watoto walipomwona barabarani walipaza sauti, “Moja Mbili!” Naye aliwajibu bila kugeuka, “Tatu!”

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1997, na mwalimu wa chekechea aliyekuwa akiimba kwaya. Bibi harusi akiwa amefika mlangoni, spika ikaanza kuvuma. Bwana harusi akaacha nafasi yake, akapiga magoti na suti yake mpya, akaingia chini ya meza ya mitambo. Wifi yangu alingoja weee, mwisho akasema kwa sauti ya kusikika na kanisa zima, “Wewe, unanioa mimi au unaoa spika?” Alitoka na vumbi kwenye magoti yote mawili, na picha za harusi zinaonyesha hivyo hadi leo. Walijaliwa watoto watatu.

Kanisa likakua, likafungua matawi. Mwaka 2012 iliamuliwa kwamba mahubiri ya kanisa la kati yaonekane kwenye skrini za matawi yote, saa nne kamili asubuhi. Kupanga jinsi itakavyofanyika aliachiwa yeye. Kwa miaka miwili alizunguka tawi hadi tawi na futi ya kupimia, akikaa kwenye kila kiti cha mwisho karibu na mlango. Nilimuuliza kwa nini asikae mbele kama watu wengine. Akanijibu, “Dada, wazee hukaa nyuma, halafu wanaona aibu kusema hawasikii.”

Alichoandika kiliitwa Mwongozo wa Mitambo, kurasa arobaini na sita. Kuna urefu wa skrini, sauti ya kwaya, mahali pa kupitisha nyaya ili mtoto asijikwae. Ukurasa wa kumi na moja ni mfupi. Unasema: “Fundi asipande juu peke yake. Awepo mtu wa kushika ngazi, naye asitumwe kazi nyingine. Kama mtu huyo hayupo, picha isubiri, ibada isubiri, mhubiri asubiri.” Mwongozo huo ulitumika tangu mwaka 2014 hadi 2021, na hakuna fundi hata mmoja aliyeanguka.

Mwaka 2022 kanisa la kati lilipata mratibu mpya wa mitambo. Mwongozo ukapunguzwa, ukawa kijitabu cha kurasa ishirini chenye jalada la rangi. Walihifadhi ukubwa wa kichwa cha mhubiri kwenye skrini, ili kilingane kila tawi. Walihifadhi, tena wakaongeza, habari za mashati meusi ya mafundi. Ukurasa wa kumi na moja wakautoa. Mahali pake wakaweka amri mpya: robo saa kabla ya ibada kila tawi litume picha ya skrini yake kanisa la kati, na kuanzia hapo fundi wa pili asibanduke kwenye kompyuta. Kila tawi lina mafundi wawili tu. Nani basi ashike ngazi? Hata mimi ninayeshona sare za shule naliona hilo.

Ndugu yetu alikwenda kuuliza. Mratibu akamwambia, “Mzee wangu, ule ukurasa unatisha watu. Tunataka lugha ya imani.” Alitoka huko akaja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja, amejikunja kama mtu aliyetoka kupigwa. “Dada,” akasema, “imani nayo itashika ngazi?” Aliwaandikia barua tatu. Nakala ninazo, hakuna iliyojibiwa. Baada ya barua ya tatu mimi mwenyewe nilimwambia aache, asije akaonekana msumbufu mbele za watu. Nilimwambia hivyo nikiwa napiga pasi kola, wala sikuinua macho. Ninajilaumu, na nimeikasirikia nafsi yangu kama nilivyowakasirikia wao.

Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa tatu na dakika arobaini na tano, tawi la sita, alikotumika ndugu yetu, lilituma picha ya skrini. Jibu likaja: “Picha yenu imepinda. Rekebisheni.” Nimeuona huo mpindo. Ni upana wa vidole viwili. Ndugu yetu akapanda ngazi. Fundi mwenzake, mama mwenye watoto wake, alinyanyuka amshikie. Simu ikaita kutoka kanisa la kati, akaulizwa kwa nini kompyuta haina mtu. Akarudi. Saa tatu na dakika hamsini na nne ngazi iliteleza, na ndugu yetu akaanguka jukwaani. Pazia likavutwa. Wapiga vyombo wakaambiwa waongeze sauti. Akatolewa kwa mlango wa nyuma, akabebwa ndani ya gari la mwanakwaya mmoja, na huku mbele watu wakapiga makofi mhubiri alipotokea kwenye skrini.

Ripoti ya ibada ile ninayo mkononi. Imeandikwa hivi: “Ibada ilianza saa nne kamili. Hitilafu: hakuna.”

Alilazwa siku kumi na tisa, akiwa ameumia kichwa na uti wa mgongo. Siku chache za mwanzo alizungumza kidogo. Alimuuliza mkewe kama wazee wa nyuma walisikia. Baada ya hapo hakusema tena. Alifariki Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Jana mchana nilikuja hapa ukumbini kupanga viti vya wanandugu. Nikamkuta fundi juu ya ngazi, peke yake, akifunga skrini ya mazishi haya.

“Nani anakushikia?” nikamuuliza.

“Hakuna, mama. Mwenzangu yuko kwenye kompyuta.”

“Shuka.”

“Mama, kanisa la kati wanasubiri picha.”

Nikaweka mkoba chini, nikashika ngazi. Nina miaka sitini na mmoja, na magoti yangu siyo ya kazi hiyo. Mratibu akapita, akaniona, akanyoosha shati lake. “Pole sana na msiba, mama. Ila jukwaani hapa ni mafundi tu.”

“Nitoe,” nikamwambia.

Hakunitoa. Wala ngazi hakuishika.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, na sisi ndugu watano. Ameacha pia mafundi kumi na saba katika matawi tisa, ambao Jumapili ijayo, saa tatu na dakika arobaini na tano, watatuma picha za skrini. Familia iliomba jambo moja tu, ukurasa ule urudishwe kabla hatujamzika. Tumejibiwa kwamba kamati itakaa. Kwa hiyo tumeuchapa sisi, nyuma ya karatasi hii mliyoshika, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mafundi, msiziache karatasi hizi kwenye viti. Nendeni nazo, mzibandike kwenye ngazi zenu. Atakayewaambia mzibandue, mleteni dukani kwangu.

Ndugu yetu na apumzike kwa amani. Ninyi pandeni mkiwa wawili, mshuke salama.